Mchora Mistari

Agosti nilichora mistari ya kwanza,
chokaa juu ya nyasi za Nebraska,
yadi kumi, yadi kumi, hadi kwenye milingoti.
Vijana wa chuo wakaja na helmeti mpya
zinazonuka gundi.

Tukafungwa. Tukafungwa tena.
Wiki ya nne Lindqvist akavunjika mtulinga,
akacheka huku akibebwa:
“Mzee Orrin, mstari wako umepinda.”
Ulikuwa umepinda kweli.

Oktoba mahindi yakavunwa, upepo ukapata njia.
Jukwaani wakabaki wazazi na mbwa mmoja.
Kocha Radke akaacha kufoka;
hilo ndilo lililotutisha.

Mchezo wa mwisho, theluji.
Mistari yangu yote ikamezwa.
Nikashika koleo, nikainama.
Nilipogeuka, timu nzima, na sare zao,
kwa mifagio, kwa sinia za kantini,
wanaitafuta yadi kwa yadi
kama watu waliodondosha pete.

Matokeo? Waulize wengine.
Mimi nakumbuka chokaa ilivyochomoza,
imefifia, imepinda palepale,
na Lindqvist, mkono umefungwa shingoni,
akininyooshea kidole.