Kitanda cha Kumi na Moja

Mwezi wa kwanza hatukufundishwa sala.
Tulifundishwa kunawa:
viganja, migongo ya viganja, kati ya vidole,
kila gumba peke yake, kama mtu asokotaye kamba,
mpaka vifundoni.
Sista Leokadia kasimama na saa yake kifuani,
ameipachika kichwa chini aisome yeye tu.
"Apolinaria, umemaliza upesi. Anza tena."

Nami nilitoka Mkoani kuja Wete na Biblia mbili begini,
yangu na ya marehemu bibi,
nikidhani utumishi ni kitu cha kusimama nacho mbele za watu.
Nikapewa beseni.
Nikapewa danzi na sindano butu:
nyuzi tisini kwa msuli, arubaini na tano kwa chini ya ngozi.
Nililichoma danzi lile hata likalia,
bweni zima likanuka achari.

Nikajifunza mifupa ya mguu, naihesabu kama deni.
Nikajifunza kwamba mkojo una habari,
na asiyeweza kusema, ulimi wake husema kwa rangi.
Nikajifunza kukunja kona ya shuka, ile ya bahasha.
Hiyo niliichukia. Ningali naichukia.

Wodi ya wanawake ina vitanda kumi na viwili,
vyote kichwa ukutani, upande wa magharibi;
mtu fulani alivipanga hivyo zamani, akaenda zake.
Usiku wa kuamkia Ijumaa
Bi Mize binti Kombo, kitanda cha kumi na moja,
maji mapafuni, moyo umechoka kusukuma,
alinishika mkono wa sare.
"We mtoto wa kanisani?"
"Ndiyo, bibi."
"Haya basi, mwanangu. N'elekeze kibla."

Nikapekua kichwa changu chote.
Daftari la buluu: mapigo, presha, sukari.
Daftari jekundu: vidonda, dawa, vipimo vya dawa.
Hapana ukurasa wa kibla.
Nilijua tu, maana mie nimezaliwa kisiwa hikihiki,
kwamba Maka kwetu iko kaskazini,
kule liliko tangi la maji na mfenesi wa daktari.

Sasa piga hesabu, mwanafunzi.
Kulala chali hawezi, atazama ndani ya kifua chake mwenyewe.
Basi kichwa kusini, miguu kaskazini,
mito mitatu mgongoni ili uso utazame mbele.
Lakini magurudumu mawili yana kutu,
na mpira wa dripu haufiki.
Nikasukuma kitanda shubiri, nikasogeza chuma cha dripu shubiri,
kitanda, chuma, kitanda, chuma,
wagonjwa wakiamka mmoja mmoja kunitazama
natoka jasho kama mpakuzi wa gunia la karafuu.
Mwisho kikakaa, kimeziba njia nzima.

Bi Mize akafumba macho. Midomo ikaanza kwenda.
Nami sikujua pa kuweka mikono yangu,
nikamshikia mto.

Saa kumi alfajiri, Sista na tochi.
Akakuta njia imefungwa.
Akamulika miguu ya mgonjwa, akamulika dirisha,
akamulika mimi.
Nikangoja.
Akainama, magoti yakalia kama ubao mkavu,
akabana kitu kwa kidole.
"Breki hukufunga," akasema,
akazunguka kwa nje, barazani, kwenda kitanda cha kumi na mbili.

Jumanne Bi Mize alikuwa hayupo.
Mwanawe alikuja na mkate wa kumimina umefungwa kwa kawa,
akauliza: "Yule wa kitanda ni yupi?"
Wakaninyooshea kidole. Hakusema neno jingine.
Tuliula wenyewe, kona zake zimeungua vizuri.

Jumapili, kanisani, somo lilinipita sikulisikia;
nilikuwa nawaza ile breki.
Kasisi akasema, "Tuombe."
Nikaikunja mikono yangu, inanuka dawa bado,
nayo ikaanza kwenda yenyewe, taratibu:
viganja,
migongo ya viganja,
kati ya vidole.