Mosi Januari, Kila Kikiwashwa

Kikompyuta cha marehemu Ami Humaid
kinaingia kwenye mkoba wangu na nafasi inabaki.
Skrini yake kiganja na nusu.
Herufi za Kiarabu zimebandikwa kwa stika;
ile ya ain imebanduka,
imeacha gundi na chembe ya halwa.

Shangazi Thuweba alikitoa kabatini, chini ya mashuka,
kama mtu anayemtoa paka mgonjwa kikapuni.
"Kitengeneze. Nimechoka kuazima simu za watoto
kila nikitaka kuandika hesabu za upatu."
Nikamweleza: kampuni iliyokiunda imekitupa mkono,
mfumo wake wa zamani umekufa,
na huo mpya hautaki hata kukiona.
Akanitazama.
"Nani kakuuliza kampuni inataka nini?"

Basi Ijumaa, baada ya chakula, Ibra yote imelala,
tangi la juu ya paa linachemsha maji bila moto,
nikakaa sakafuni mbele ya kiyoyozi
nikachomeka flashi niliyoiandaa usiku:
mfumo wa bure, mwepesi, kazi ya watu nisiowajua,
ambao hapakuandikwa popote kuwa unaingia humu.

Mara ya kwanza, skrini nyeusi.
Mara ya pili nyeusi tena, na kistari kinachokonyeza.
Halafu kikaniandikia kuwa kumbukumbu haitoshi.
Gigi moja. Kweli, hata mimi isingenitosha.
Kikapata joto mpaka nikakilaza
juu ya pakiti ya njegere za barafu, nimeifunga taulo,
na Shangazi akapita, akauliza kama tunapika.

Mara ya tano, au ya sita, kikauliza: lugha?
Nikateremka na kishale,
nikapita Kiarabu, nikapita Kihindi,
nikaikuta karibu na mwisho, imejikalia: Kiswahili.
Sikuitarajia. Nikamwita.
Akaja na miwani, rojo la mkate wa kumimina vidoleni.
"Nisomee."
*Karibu. Chagua mahali ulipo.*
Akacheka hadi akashika mlango.
Miaka arobaini na saba katika nchi hii, akasema,
benki, hospitali, wizarani,
sijakaribishwa na mashine kwa maneno ya jikoni kwangu.

Lakini mfasiri alichoka njiani.
Kitufe kimoja kilisema *Endelea*,
kingine Kiingereza kitupu,
na kile cha pembeni, badala ya *Rudi Nyuma*,
kiliandikwa *Rudi Nyumba*.
"Herufi moja tu," nikasema, "kakosea."
"Usikiguse hicho," akasema Shangazi,
akarudi kwenye mkate wake.

Ilipokaribia magharibi kikaamka.
Sauti hakina. Kamera yake haioni.
Mtandao hakiupati hewani, mpaka nikivutie waya wa bluu
kutoka chumba cha Hilal, chini ya zulia,
na atakayejikwaa atalaumu shahada yangu.
Tena kila kikizimwa, kikiwashwa
kinaamini leo ni mosi Januari, elfu mbili na tisa.

Shangazi keshaanza. Kidole kimoja, polepole:
*Bi Nasra, riali ishirini, katoa.*
*Bi Shinuna, kumi, kumi bado.*
Na mbele ya kila jina, tarehe ileile.

"Kibetri cha ndani," nikamwambia,
"mfano wa sarafu ya baisa ishirini na tano. Kimekwisha.
Kesho nitanunua kingine, saa itakaa sawa."

Akaacha kuandika.
"Elfu mbili na tisa," akasema,
"bado nilikuwa namfokea Humaid
kwa kuvua viatu katikati ya mlango."
Akaitazama ile tarehe kwenye kona ya skrini,
akaipangusa kwa ncha ya kanga, kama ina vumbi.

"Kinunue. Deni la watu halina mchezo.
Ila si kesho.
Kesho kutwa."