Mbogo Akirudi

Nimesikia, Monga, unataka kumfufua Mbogo.
Watu wa Kamalondo waliniambia kabla yako,
na kwamba umeshanunua rangi: nyeupe ya lulu,
kama jokofu la bibi harusi.
Basi kaa hapo juu ya tairi nikueleze
kabla sijashika spana.

Toa viti vya ngozi.
Toa redio, na kile kioo cha kugusa ulichoagiza Dubai.
Mbogo hakuzaliwa kupeleka watu harusini.
Alizaliwa kuzunguka uwanja ule
wa nyuma ya njia ya Kipushi,
mizunguko kumi na miwili, Jumapili mchana,
moshi wa tanuru ukilalia upande wa Kasapa
na watu wamesimama juu ya mapipa, wanamenya miwa.

Nilikuwa na miaka tisa.
Kazi yangu kushika saa ya baba,
ile aliyopewa na kampuni kwa miaka ishirini ya moto,
na kupaza sauti kila Mbogo akipita:
moja na kumi na nane!
moja na kumi na saba!
Sekunde moja, Monga. Unajua bei yake?
Mama aliilipa kwa unga wa mwezi mzima;
tulikula viazi, na Mbogo akavaa tairi mpya.

Kwa hiyo usiniulize habari za farasi.
Kila anayekuja na pesa anauliza farasi,
mia tano, mia sita, atawalisha nini?
Niulize uzito.
Niulize kitu gani kitamzuia.

Silinda ziwe nane, hapo sibishani,
nne ni za teksi.
Lakini ngurumo isitoke kwenye spika,
nasikia siku hizi wanauza hata ngurumo za uongo.
Itoke tumboni, ile iliyogonganisha
sahani za mama kabatini
baba akiwa bado yuko kona ya Njanja.
Gia za mkono. Mguu wa kushoto usikae bure kama mgeni.
Usukani uwe mzito, useme na viganja:
hapa lami imeisha, hapa mchanga,
hapa kuna oili ya aliyekutangulia.
Boneti litobolewe, aheme.
Mwezi wa kumi hapa hauna huruma,
rejeta ya zamani ilichemka kila mzunguko wa saba,
tukammwagia maji ya kisima, akafoka kama chungu.

Na breki.

Breki niachie mimi.
Usilete za kopi. Usiniambie zimekwama Kasumbalesa,
tutumie hizi kwanza.
Nitasubiri.
Mzunguko wa kumi na moja niliita
moja na kumi na nne,
haijawahi kutokea, watu wakatupa miwa juu,
na sikuita tena.
Saa bado inakwenda. Iko pale kwenye msumari,
nyuma ya kalenda.

Walidhani binti ya Kapya ataikimbia harufu ya petroli,
ataolewa Likasi, atauza maandazi.
Nina miaka ishirini na sita chini ya magari.
Mlango wa kulia una bonde, umeliona?
Niliunyoosha mwenyewe, kwa nyundo ya seremala,
vibaya. Uache hivyo hivyo.

Rangi yako mpelekee mkeo apake jiko.
Mbogo ni mweusi,
na mstari mmoja wa shaba mgongoni,
shaba, si dhahabu; tuko Lubumbashi.

Siku ya kwanza hutaendesha wewe.
Utasimama juu ya pipa, na muwa wako.
Bupe wangu atashika saa, nimeshamfundisha kuita.
Simwombi Mbogo avunje moja na kumi na nne.
Namwomba kona ile, mzunguko wa kumi na moja,
nikikanyaga
asimame.

Halafu tumalizie ule wa kumi na mbili,
uliobaki.