Sufuria la Mwajabu

Mama alinipigia simu kutoka Tukuyu,
mvua inagonga bati nyuma ya sauti yake.
"Hao uliopanga nao, wakoje?"
Nikamwambia, wapo tu.
"Wapo tu vipi?"
Nikasema mtandao unakata. Haukuwa unakata.

Nilihamia Keko Machungwa mwezi wa tatu.
Choo kimoja, bomba moja,
luku moja kwa milango sita.
Wiki mbili nzima nilitembea uani
kama mtu aliyeingia nyumba yenye msiba:
sauti chini, macho chini,
kwaya redioni naizima kabla ya kiitikio,
na shikamoo zangu zikizidi umri wa watu.
Sikuwa na ubaya. Nilikuwa na woga
uliovaa nguo za heshima.

Mwajabu ni mlango wa pili.
Anashika pesa duka la misumari na nondo, Buguruni,
anarudi jioni vidole vikinuka sarafu,
baibui analivua kwa mkono mmoja,
kwa mwingine amemshika Siwatu sikio:
"Daftari la hesabu liko wapi?"
Mumewe, Kingwande, ni mlinzi wa usiku.
Mchana anakoroma, nyumba nzima inajua;
adhuhuri anaamka, anatawadha, anaswali,
anaendelea kukoroma pale alipoachia.
Adhana ya alfajiri ilinishtua siku tatu.
Siku ya nne nikawa wa kwanza bombani.

Jumamosi moja niliazima sufuria lake,
lile kubwa la wali wa wageni.
Kaka zangu walikuwa wanapita, nikapika maharage,
nikanogewa na soga,
yakashika chini.
Nilisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa limau,
nikalirudisha kwa mikono miwili.
Akaligeuza penye mwanga.
"Atuganile. Umepikia nini humu?"

Hapo nikaanza kuhutubia.
Maharage, nikasema, maharage matupu,
hata mafuta ni ya alizeti,
nyama ile mimi sijawahi kuileta nyumba hii,
na hata kanisani kwetu si wote wanaoila,
naelewa kabisa, dada, naheshimu kabisa,
ukitaka nitakununulia jipya...

Alinitazama kama anavyotazama noti iliyoungwa kwa gundi.
"Mimi nauliza umeliunguza vipi.
Mama yangu kalipikia miaka ishirini,
Kibiti, kwa kuni,
halijawahi kushika weusi huu."

Kimya.
Kisha yakaanza mabega yake,
kicheko cha kujibana, cha mtu mwenye mume aliyelala.
"Nyama ile," akasema. "Ipi? Itaje."
Sikuitaja.
Tulicheka mpaka Kingwande akagonga ukuta.

Sasa ni mwaka na nusu.
Ananidai elfu mbili za luku. Mimi namdai elfu tatu.
Yeye analaumu feni yangu,
mimi nalaumu pasi yake ya saa tano usiku.
Hali bamia. Anamwogopa mjusi
kiasi cha kuniita nikiwa nimepaka sabuni mwili mzima.
Kuna siku anaswali kwa wakati,
kuna siku anaukimbiza wakati na chupi za Siwatu mkononi, hajaanika,
kama mimi na ibada ya kwanza.
Akinuna, hununa siku mbili.
Ya tatu naona bakuli limefunikwa mlangoni kwangu,
hajasema kitu, na mimi sisemi.

Jana mama alipiga tena.
"Ehe. Wakoje?"
Mwajabu alikuwa mbele ya mita,
anasoma uniti kwa sauti
ili kila mwenye feni asikie.
"Mama, huyu wa mlango wa pili
anakula umeme kuliko kiwanda."
Hakugeuka.
"Mpe mama shikamoo yangu.
Mwambie mwanawe hajui kuchemsha maharage."

Simu ikanyamaza kidogo.
Mvua, bati.
Kisha mama, polepole, kwa ile sauti ya utotoni kwangu:
"Uliunguza sufuria la watu?"