Kijiko cha Kuonjea

Mihayo alishusha ndoo nne kutoka Sikonge,
akafungua ya kwanza, akanipa kijiko.
Miaka kumi na sita kazi yangu ndiyo hii,
hapa Isevya, nyuma ya duka la Sizya:
kuonja, kusema
hii ya maua ya muyombo,
hii imevunwa mbichi, ina maji,
hii, kaka, umetia sukari.

Nikaonja.
Nikangoja.
Ilikuwa nzito tu, kama gundi.
Nikasema "nzuri," maana walikuwa wananitazama.

Sikulia. Hilo ndilo lililowachanganya.
Mfiwa hulia, mwenye homa hutetemeka,
mimi nilikaa kitandani nikitazama kandambili zangu,
moja imelala kifudifudi,
nikashindwa kuigeuza
mpaka adhuhuri.

Wifi alisema ni jicho la jirani.
Walikuja kunisomea; nilishukuru,
sauti zile zilinilaza saa mbili.
Sizya, masikini, akaninunulia redio.
"Punguza mawazo," walisema wote,
kana kwamba mawazo ni chumvi
na kopo nimelishika mimi.

Ningepunguza lipi? Nilikuwa nalo moja tu,
lilikuja saa tisa usiku na honi ya treni ya Kigoma,
likaketi ukingoni mwa kitanda, likasema:
ukiondoka, ndoo zitashushwa vilevile.

Hilo nilimwambia Kalunde peke yake,
muuguzi wa Kitete, chumba cha mwisho,
mlango wa kijani uliobanduka rangi.
Hakushtuka. Hakunihubiria.
"Tangu lini?" Akaandika.
"Umewahi kufikiria namna?"
Hapo akaweka kalamu chini.

Kisha akanitajia jina: sonona.
Nikalirudia. So-no-na.
Kumbe lina jina dogo hivi,
kama la mtoto mtundu wa mtaani
unayeweza kumwita uani ukamwuliza,
wewe, kijiko changu umekipeleka wapi?

Wiki ya kwanza ya vidonge kinywa kilikauka.
Wiki ya pili nilitaka kuvitupa chooni.
Alishanionya: usivitupe, vinakwenda polepole,
kama nyuki wanaoutafuta mzinga mpya.
Hapana, nyuki nimewaongeza mimi.
Yeye alisema: kama dawa ya presha. Meza. Rudi tarehe kumi na nne.

Sizya naye akapewa kazi:
dawa zote sandukuni, ufunguo shingoni mwake,
na kuniuliza usiku bila kumung'unya maneno,
"Leo limekuja?"
"Limekuja."
"Basi tuamke, tuchemshe chai."
Usiku mwingine: "Limechungulia tu."
Tukanywa chai hata hivyo.

Alfajiri tunatembea hadi Cheyo na kurudi.
Mara nyingi hatusemi kitu.

Sijapona kama wanavyotaka nipone,
wapige vigelegele, wachinje kuku.
Jumanne iliyopita sikuoga.
Wifi bado ananitazama kwa pembe ya jicho.

Mwezi wa saba Mihayo amerudi, ndoo tatu,
moja mfuniko umepasuka, sisimizi wameingia.
Nikachovya.
Kwanza, hakuna kitu.
Kisha, nyuma kabisa ya ulimi,
uchungu kidogo,
moshi.

"Mihayo," nikasema, "hii umeifukiza mno."
Akaanza kubisha, kuapa, kutetea bei yake.
Dukani, Sizya
akaacha kupima mchele.