Kunyanzi

Karakana yetu ilikuwa Makadara, nyuma ya duka la sabuni,
mlango wa bati, leseni ukutani ndani ya kioo,
na picha ya babu Mbaluchi asiyecheka.
Baba, Dadkarim, alikuwa na maneno mawili tu kwa chuma:
"hiki chasikia", "hiki hakisikii".

Bwana Mwachofi alishuka na garimoshi la Voi,
mlinzi wa shamba la mkonge,
bunduki ya wenzo amekunja ndani ya gunia la unga.
"Yapiga kushoto, Dadkarim. Ngiri wananicheka."
Baba akafungua wenzo, akafunga, akafungua,
sikio karibu na chuma,
kama daktari amwambiaye mgonjwa akohoe.

Mimi, Mahgul, miaka kumi na miwili, mshika upawa.

Lugha yetu haikujisumbua kutenga:
madini ni risasi, na kiletacho matanga ni risasi.
Bomba kuukuu lililong'olewa Kibokoni
lilijikunja chunguni, likawa maji mazito,
nikakodoa mato nione linapobadili jina.
Sikuona.

Iliyo laini mno, alisema Baba,
hupaka mtutu utando wa fedha,
na ukipiga kumi, bunduki hupiga inakotaka yenyewe.
Iliyo ngumu mno hupita ndani
bila kuamkiana na mifuo.
Akakwaruza kwa ukucha wa gumba,
akatia kipande cha bati, akakwaruza tena,
vile mamangu aonjavyo mchuzi kiganjani.

Bwana Mwachofi alitaka zenye ncha kali.
"Zaonekana zina haraka," akasema.
Baba alicheka, nadhani mara moja ile tu mwaka ule.
"Tizama mrija huu. Humu zalala mstari,
pua ya huyu kisogoni mwa yule,
na fataki iko kisogoni.
Bunduki ikishtuka, mwenye pua kali humchoma mwenziwe.
Wakaao nyumba ya mrija, pua ziwe butu."

Nikaukumbuka uchochoro wetu,
dirisha kwa dirisha twagawana harufu ya vitunguu,
na mamangu na Bi Mwanasiti
hawajasalimiana tangu Ramadhani.

Baruti aliipima kwa mizani ya sonara,
ile ile iliyopimia bangili za dada.
Kidogo. Akapunguza.
"Ya kusubu haikimbizwi, ikikimbizwa hubabaika.
Ngiri haulizi umekuja na mwendo gani."

Ishirini. Ya kumi na tatu ikatoka na kunyanzi ubavuni,
kalibu ilikuwa imepoa nilipozubaa.
"Rudisha chunguni."
Niliitia mfukoni. Ilikuwa bado ya moto,
na paja langu lina alama hadi leo, ndogo, kama chanjo.

Kisha redio ikatangaza: uwindaji basi.
Bwana Mwachofi akaipeleka bunduki kituoni,
akapewa karatasi yenye mihuri miwili,
akaja kutuonyesha hiyo karatasi,
akanywa chai, akaondoka bila kusema lolote la ngiri.
Chungu kilikaa kitupu hadi buibui akahamia.

Waliokuja baadaye ni waashi wa magorofa ya Tudor.
Walitaka timazi.
Risasi ile ile, sasa yaning'inia uzini,
yauambia ukuta: umepinda.
Baba alizisubu, nzuri, zisizo na doa, na hakuzipenda.
"Hii haisikii, haikatai kusikia," alinung'unika.
"Yaning'inia tu."
Alikufa akiwa na deni la mkaa la shilingi tisini. Nililipa mimi.

Naishi Tudor, ghorofa ya tatu.
Sijui kama ukuta huu ulipimwa kwa timazi yetu;
kabati langu halikai sawa.
Stakabadhi za stima nazikandamiza kwa ile yenye kunyanzi,
pepo zisizipeperushe.

Jana mjukuu wangu aliichukua, akaipimapima mkononi.
"Bibi, hii ni nini?"
"Risasi."
"Risasi ipi?"

Nikamwambia aende akanawe mikono.