Kamba Yenye Mafundo Kumi na Mawili

Nilichora mraba ubaoni, ukakaa kitako.
Darasa zima likaitika: "Mraba!"
Nikaufuta, nikauchora tena ukisimama kwa ncha moja.
Wakanyamaza.
Musubao akasema, "Mwalimu, sasa umeuvunja."

Usiku ule sikulala vizuri.
Watoto arobaini na sita wa Ndosho
walijua jina la umbo, umbo lenyewe hawalijui,
kama mtu anayemtambua jirani akiwa ameketi tu;
akijinyoosha mkekani, ni mgeni.

Kesho yake niliiacha chaki mezani.
Tukatoka, tukaketi juu ya mawe meusi,
mawe haya yetu yanayokula viatu.
Baba yake Nzanzu huchonga chukudu nyuma ya ukuta wa shule;
nyundo yake tumeizoea kuliko kengele.
Akatuazima gurudumu ambalo halijavikwa raba.
"Nani atanionyesha katikati yake?"
Vidole vikashuka, kila kidole na katikati yake.
Nzanzu hakunyoosha kidole. Alitafuta uzi,
akaulaza toka ukingo hadi ukingo, akausogeza, akausogeza,
mpaka ukakataa kurefuka zaidi.
Akaukunja mara mbili. "Hapa."
Nani kakufundisha?
"Hakuna. Likitobolewa kando, chukudu inaruka kama mbuzi,
viazi vya Sake vinabaki njiani."

Mlango wa darasa letu, huo nao!
Asubuhi mstatili,
jioni umeegama kama mlevi.
Niliwagawia vijiti na misumari midogo.
Vijiti vinne: sukuma, vinalala.
Vijiti vitatu: sukuma.
Sukuma tena.
Sifa alisukuma hadi ulimi ukamtoka,
pembetatu ikamtazama tu.
Basi tukaomba ubao mmoja mrefu,
tukaupigilia kwenye mlango, kona hadi kona,
na tangu siku hiyo mvua ikija tunafunga.

Nikawaambia: nichoreeni shule kama anavyoiona kunguru.
Bauma alichora kunguru.
Wengine walichora mabati, milia, milia,
na tangi la maji likawa duara tupu.
Mimi nilikuwa kichwa cha nywele
na ncha mbili za viatu zikichungulia.
Nilicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuuliza kuna nini.
Musubao alikuwa amebaki ndani peke yake.
Nilimkuta mbele ya ubao, shingo kaiinamisha hadi sikio likagusa bega,
akiutazama ule mraba wa ncha moja.
"Ni ule ule, mwalimu.
Ni mimi niliyekuwa nimenyooka."

Ijumaa nilileta kamba,
mafundo kumi na mawili, ncha zimeungana.
Watoto watatu washike: huku nafasi tatu,
huku nne, huku tano. Vuteni!
Na pale kwenye mkono wa Kanyere
pembe mraba ikajitokeza yenyewe,
safi, kama ya daftari jipya.
Kanyere aliiangalia muda mrefu.
Kwenye mchoro wake wa kunguru, mbali na shule,
alikuwa ameacha nafasi nyeupe,
akaandika: *jikoni kwetu.*

Moto uliposhuka mlimani, mawe yaliganda juu ya kila alama ya kiwanja.
Kilichobaki ni kona moja ya kisima,
na ugomvi:
mama yake na Mama Vumilia hawajasalimiana tangu hapo.
"Mwalimu, niazime kamba kesho.
Toka kisimani ni hatua kumi na nne, ninazikumbuka,
halafu unakata kuume.
Kuume ndiko nilikokuwa sikujui."

Nikamwambia, kamba hii haivutwi na mtu mmoja.
Wala wawili.
"Najua," akasema. "Nimeshahesabu."

Waliopita Jumamosi wanasema waliwaona:
mtoto kisimani, mama juu ya jiwe,
Mama Vumilia upande wa pili, kitenge kakifunga kiunoni,
anavuta, uso kaugeuzia mlima.

Leo ni Alhamisi.
Nimefundisha duara kwa uzi wa Nzanzu.
Kamba haijarudi, nami sijaiulizia.